Sarafu mbili ndani ya ghala la Delaware

Mama mdogo anatunza wazee mjini Columbus, Ohio, shifti ya usiku. Jumapili moja alinipigia simu, na baada ya shikamoo, marahaba na habari za kila mtoto kwa jina lake, akafika alikokuwa anaelekea: "Mwanangu, hebu nisomee hiki kitabu nilicholetewa." Akanirushia kwa WhatsApp picha ishirini na kitu, ukurasa kwa ukurasa, nyingine zina kivuli cha kidole gumba. Kilikuwa kijitabu cha karatasi nene za kung'aa. Jaladani kuna mzee wa Kizungu mwenye mvi, kakaa barazani na mbwa wake. Ndani kuna mchoro wa dola ikiporomoka, deni la serikali ya Marekani limeandikwa tarakimu zote bila kufupishwa, na vinoo vya dhahabu vimepangwa kama matofali ya choma. Ukurasa wa mwisho una namba ya simu ya kupiga bila malipo na ahadi ya fedha ya bure kwa atakayefungua akaunti ya kustaafu ya dhahabu mwezi huu.

Nilizipitia picha zote mara mbili. Hakuna mahali palipoandikwa bei ya kitu chochote.

Mama mdogo ana dola 8,000 zilizobaki kwenye 401k, yaani akiba ya kustaafu ya kazini, ya mwajiri wake wa zamani. Kijana aliyempigia kutoka kampuni hiyo alimwambia kiwango cha chini ni 10,000, lakini kwa kuwa yeye ni mama mchapakazi, watampokea hivyo hivyo. Alichotaka kujua kwangu ni kimoja: hawa ni wa kweli au ni matapeli? Swali hilo ndilo kila mtu huanza nalo, na ndiyo maana watu wenye akiba ndogo hupotea hata wanapoangukia kwenye kampuni halali kabisa. Kampuni inaweza kuwa na leseni zote, ikaleta dhahabu halisi, ikaihifadhi vizuri, na bado mama mdogo akatoka na hasara. Mimi ningeanza na swali la pili: akiba hii inaweza kubeba gharama za kitu kinachouzwa?

Tuanze na kitu chenyewe. Akaunti ya kustaafu ya mtu binafsi, ambayo huku wanaiita IRA, ilizaliwa na sheria ya mwaka 1974. Kwa kawaida ndani yake watu huweka hisa, hati fungani na mifuko ya uwekezaji. Sheria ya 1997 ilipanua mlango wa madini: kuanzia 1998 akaunti hiyo inaweza kubeba dhahabu, fedha, platinamu na paladiamu, kwa masharti. Dhahabu iwe safi kwa asilimia 99.5, fedha 99.9, na hayo mawili mengine 99.95. Sarafu ya American Eagle ya dhahabu ina karati 22 tu, lakini sheria yenyewe imeiruhusu. Krugerrand ya Afrika Kusini, yenye karati 22 zile zile, haikupata bahati hiyo. Mkufu ulionunuliwa Dubai hauingii, hata uwe mzito namna gani. Zile reale za Maria Theresa ambazo babu zetu wa Unguja walizihesabu sokoni nazo zingerudishwa mlangoni, maana fedha yake ni asilimia 83 na ushei. Na huwezi kuchukua dhahabu uliyonayo kabatini ukaiweka humo: kinachoingia kwenye akaunti ni pesa, na akaunti ndiyo inayonunua.

Hapo ndipo mikono inapoongezeka. Kampuni iliyotuma kijitabu ni muuzaji. Haitunzi akaunti. Akaunti hutunzwa na benki au taasisi iliyoidhinishwa na idara ya kodi, IRS, na huyo ana ada yake. Wala mtunza akaunti hakai na dhahabu. Anaipeleka kwenye ghala, mengi yako jimbo la Delaware, na ghala nalo lina ada yake. Mikono mitatu, na kijitabu kinaizungumza kama mkono mmoja. Watu wengi husema "kampuni yangu ya dhahabu" wakidhani kuna mtu mmoja anayewaangalia. Ukweli ni kwamba mtunza akaunti hakagui kama umeuziwa kwa bei ya haki. Kazi yake ni makaratasi. Ukiagiza sarafu kwa bei ya kukamuliwa, ataziandika kama ulivyoagiza.

Sasa hesabu, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu humu ndimo mambo yote yalimo.

Ada hutofautiana, lakini si ajabu kukuta dola 50 za kufungua, kisha kila mwaka kama 100 za mtunza akaunti na 100 hadi 150 za ghala. Tuseme 225 kwa mwaka. Kwenye 8,000 za mama mdogo, hizo 225 ni karibu asilimia 2.8 ya akiba yake, kila mwaka, dhahabu ipande isipande. Kwa mtu mwenye 80,000, dola 225 zile zile ni kama asilimia 0.28. Ada haibadiliki, anayebadilika ni mwenye akiba. Tuliambiwa haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kinachojaa ni cha mwenye ghala.

Juu ya ada kuna tofauti ya bei ya kununua na kuuza. Dhahabu ina bei ya soko ya dunia, unaiona kwenye simu. Sarafu huuzwa juu ya bei hiyo. Chukulia muuzaji mwenye haya, anayeongeza asilimia 6. Mama mdogo analipa 50 za kufungua, anabaki na 7,950, na kwa pesa hiyo anapata dhahabu yenye thamani ya 7,500 sokoni. Akitaka kuiuza kesho yake, muuzaji huyo huyo atampa labda asilimia 2 chini ya soko, yaani 7,350. Siku moja, dola 650 zimekwenda. Akikaa miaka kumi atakuwa amelipa ada 2,250. Ili arudishe tu kile alichotoa, bila faida hata ya senti, bei ya dhahabu inabidi ipande kwa karibu asilimia 40.

Na huyo ni muuzaji mwenye haya. Kijana wa kwenye simu hakumtajia mama mdogo sarafu za kawaida. Alimtajia zile zilizong'arishwa, zinazokuja kwenye kisanduku chenye cheti, akaziita "za kipekee". Sarafu za namna hiyo zikiuzwa kwa asilimia 35 juu ya thamani ya madini yake, zile 7,950 zinanunua dhahabu ya kama 5,890. Dola elfu mbili na kitu zinabaki mezani kwa muuzaji kabla hata ghala halijafunguliwa. Ile fedha ya bure inatoka humo humo. Lugha yetu haina tofauti ya fedha ya kuchimbwa na fedha ya mfukoni, na katika ofa hii kwa kweli ni kitu kimoja: wanakurudishia kipande cha pesa yako kikiwa kimeyeyushwa.

Kuna jambo ambalo namba peke yake haikuonyesha mpaka nilipomwambia mama mdogo afungue kiganja. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja, yaani gramu 31 na ushei. Kwa bei hiyo, akiba yake yote ni chini ya wakia mbili. Yaani si vinoo vilivyopangwa kama matofali. Ni sarafu mbili, tena ya pili haitimii; ingebidi achukue moja ya wakia nzima, moja ya nusu, moja ya robo, na hizi ndogo huongezwa bei zaidi kwa kila gramu kuliko kubwa. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nitalipa dola mia mbili kila mwaka watu walinde vitu vya kutosha mfuko wa gauni?" Ndiyo, mama.

Watetezi wa dhahabu watasema bei imepanda kuliko hizo asilimia 40, na katika miaka ya karibuni wamesema kweli. Chini ya 1,100 mwisho wa 2015, zaidi ya 2,000 mwaka 2020, zaidi ya 4,000 mwaka 2025. Lakini wauzaji hawachapishi vijitabu miaka ambayo dhahabu imelala. Januari 1980 wakia ilifika dola 850, watu wakapanga foleni. Bei hiyo haikuonekana tena hadi Januari 2008. Aliyenunua akiwa na miaka 37 alifika 65 ndipo akaziona zile 850 zake, na dola ya 2008 haikuwa dola ya 1980. Ungekuwa na ada ya 225 kwa muda wote huo, ungelipa 6,300. Anayekimbilia dhahabu leo ajue kwamba inaweza kumlalia hivyo kwa muda wote uliobaki wa kazi yake.

Sisemi mama mdogo asiguse dhahabu. Nasema kuna mlango mwingine, na kijitabu hakiutaji kwa sababu hauna dalali. Tangu Novemba 2004 kuna mifuko inayouzwa kwenye soko la hisa la Marekani ambayo kila kipande chake kinasimama juu ya dhahabu halisi iliyohifadhiwa ghalani. Wa kwanza, ambao sokoni unaitwa GLD, unatoza asilimia 0.40 kwa mwaka; IAU unatoza 0.25, GLDM, mdogo wa ule wa kwanza, 0.10. Unafungua IRA ya kawaida kwenye kampuni kubwa ya uwekezaji ambayo haitozi ada ya kufungua, unanunua kipande kama unavyonunua hisa, unauza siku hiyo hiyo ukitaka. Kwa dola 8,000, asilimia 0.25 ni dola 20 kwa mwaka. Ishirini dhidi ya mia mbili ishirini na tano, kwa madini yale yale, bei ile ile ya soko.

Hapo mama mdogo aliniuliza swali ambalo kijana wa simu asingeweza kumjibu. Yeye hataki riba, na kilichomvuta kwenye dhahabu tangu mwanzo ni hicho. Nadhani wasomaji wengi wa Pwani walioko Houston au Minneapolis watamwelewa: 401k imejaa hati fungani na hisa za mabenki, na dhahabu inaonekana safi. Ni sababu ya heshima, na si ya kubezwa na wachambuzi wanaodhani kila mtu anatafuta faida tu. Desemba 2016 taasisi ya AAOIFI, inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, ilitoa kiwango kuhusu dhahabu. Kinakubali pia bidhaa za namna ya mifuko hii, mradi dhahabu yake iwepo kweli na masharti ya umiliki yatimie. Kuupima mfuko mmoja mmoja si kazi yangu. Amuulize shehe wake akiwa na jina la mfuko mkononi. Lakini tamaa ya kukwepa riba haimlazimu mtu kununua sarafu ya kisanduku.

Ugumu unabaki kwa anayesema: mimi nataka madini yenyewe, siamini karatasi. Mtu aliyeona benki ikifungwa nyumbani, au noti zikibadilishwa kwa wiki mbili, hana sababu ya kuomba radhi kwa kufikiri hivyo. Kwake, kama akiba iko dola 30,000 au 40,000 kwenda juu, akaunti ya madini inaanza kuwa na maana. Chini ya hapo, kwa maoni yangu, afadhali anunue sarafu moja kwa pesa yake ya kawaida, nje ya akaunti ya kustaafu, aiweke anakotaka. Anakotaka, nasisitiza, kwa sababu ndani ya akaunti ya kustaafu hana uhuru huo. Kuna matangazo yanayodai unaweza kukaa na dhahabu ya IRA nyumbani ukifungua kampuni ndogo kwa jina lako. Novemba 2021 Mahakama ya Kodi ya Marekani ilitoa hukumu kwenye kesi ya McNulty, ambapo sarafu za akaunti zilikaa kwenye sefu ya nyumbani. Mahakama ilizihesabu kama pesa zilizokwisha kutolewa, na kodi ikadaiwa.

Akishaamua kuendelea, uchaguzi wa kampuni si mgumu kama orodha za mtandaoni zinavyofanya uonekane. Kuhusu orodha hizo, "bora kumi za mwaka huu" na mengineyo, shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, kwenye maandishi ya rangi ya majivu: nyingi zinakiri zenyewe kwamba hulipwa na kampuni zinazozisifu. Nimeona kampuni moja ikiwa ya kwanza kwenye ukurasa mmoja na ya saba kwenye mwingine. Sidhani ilibadilika usiku.

Kinachotofautisha muuzaji na muuzaji ni namba mbili: leo unaniuzia American Eagle ya wakia moja kwa kiasi gani, na leo hii hii ungeinunua kwangu kwa kiasi gani? Kwa maandishi. Tofauti ya namba hizo ndiyo bei halisi ya huduma yake. Mengine yote ni mapambo. Kisha ada za mtunza akaunti na ghala, kwanza kama ni za kiwango kimoja au hupanda na thamani, maana mwenye kidogo wakati mwingine huokolewa na ada ya asilimia. Usilipie sehemu ya ghala iliyotengwa kwa jina lako. American Eagle moja ni sawa na nyingine, na kuchanganywa na za wenzako hakukupunguzii kitu. Uliza ada ya kufunga akaunti, ambayo hakuna anayeitaja siku ya kufungua. Na jina la mtunza akaunti lihakikishwe: kama si benki, liwe kwenye orodha ya IRS ya walioidhinishwa. Walioko Minnesota wana nafuu moja zaidi, jimbo lao lina sheria inayowataka wauza sarafu za madini wajisajili kwenye idara ya biashara ya jimbo.

Halafu kuna hundi. Pesa ihame moja kwa moja kutoka 401k kwenda akaunti mpya, isipite mkononi mwako. Ukiandikiwa hundi kwa jina lako, asilimia 20 hukatwa papo hapo. Kwa mama mdogo ni dola 1,600, ambazo angelazimika kuzitafuta mfukoni na kuzijaza ndani ya siku 60, la sivyo zinahesabika kama pesa iliyotolewa: kodi, na asilimia 10 ya adhabu juu yake kwa aliye chini ya miaka 59 na nusu.

Matapeli nao wapo, sikuwasahau. Septemba 2020 mamlaka ya shirikisho inayosimamia soko la bidhaa, CFTC, pamoja na majimbo 30, waliishtaki kampuni iliyojiita Metals.com: zaidi ya dola milioni 185 kutoka kwa watu wasiopungua 1,600, wengi wao wazee, wengi wao wakitumia akiba za kustaafu. Februari 2022 ikafuata Safeguard Metals, dola milioni 68. Ukisoma mashtaka hayo unatarajia kukuta dhahabu hewa. Hapana. Wateja waliuziwa madini ya kweli. Walichodai wasimamizi ni kwamba yaliuzwa kwa bei iliyofurishwa, na mteja hakuambiwa. Ndiyo maana swali la "ni wa kweli au ni matapeli" halikuniridhisha; mpaka wenyewe unapita kwenye ile tofauti ya bei.

Tulipiga simu pamoja, mama mdogo, mimi na kijana wa kampuni, spika imewashwa. Mama mdogo kaandika maswali yake nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Akauliza bei ya kununua, akauliza bei ya kuuza, akaomba aandikiwe. Kijana akasema bei ya dhahabu hubadilika kila dakika, kwa hiyo kuandika hakuna maana.

"Sawa, baba," mama mdogo akamjibu kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Basi niandikie ya dakika hii."

Akaahidi barua pepe. Ilifika Jumatano, mama mdogo akanirushia bila kuifungua. Kilikuwa kile kijitabu cha mzee na mbwa, kurasa zote, safari hii bila kivuli cha kidole.